Toleka, Motomba Mwenye Kujua Njia

Bana yangu ya biologie, nyinyi benye kukuja kwangu na téléphone mukononi kuniuliza namna gani tulikuwa tunasoma ubongo zamani bila machine, mukae chini. Kiti iko moja na ni yangu. Nyinyi muko na magoti mapya.

Niseme hii kwanza, juu kisha kidogo nitaisahau: kama unataka kujua nyama, ile yenye kutembea, iko inawaza nini, anza kwa kunusa mikono. Si ya nyama. Yako. Nilipitisha maisha yangu ndani ya labo ya Maman Zaina, na kila kosa yangu kubwa ilianza na harufu. Hata kazi yenyewe niliipata kwa njia ya harufu. Nitabaambia.

Wakati ile nilikuwa mwanafunzi, asubuhi niko kwa cours, na mangaribi niko tolekiste, ni kusema nabeba batu kwa kinga, baiskeli, katika avenue za Kisangani. Kinga ya toleka munaijua, ile yenye ka-coussin nyuma. Siku moja mama mumoja akapanda, kitambaa kichwani, sakoshi yenye kujaa vitabu. Sikujua ni prof. Prof gani anapanda toleka? Tukaenda kidogo, akaniuliza:

—Wee tolekiste, njia unaijua namna gani?

—Na macho, Maman.

—Ukifunga macho?

—Nafika tu! Hii muji iko ndani ya kichwa yangu.

—Basi funga.

Munanitazama vile? Nilikuwa kijana, na mukubwa alisema funga. Nikafunga. Tukaenda muzuri, moyo inacheza, mi nasikia pikipiki zinapita, halafu harufu ya mikate ikafika puani. Nikajua: hapa ni kwa mama wa mikate, nageuka kushoto. Nikageuka. Tukaingia ndani ya mufereji wote wawili, kinga juu yetu.

Mama wa mikate akapiga kelele: «Eh! Weye unalala juu ya kinga? Unataka kuua mama ya batu?»

Nilingojea yule abiria anipige na sakoshi. Alikuwa amekaa ndani ya maji chafu, kitambaa imeanguka, na alikuwa anatazama ile meza ya mikate na macho ya mutu mwenye kupata zawadi.

—Kwa nini uligeuka pale?

—Nilisikia mikate, Maman.

—Na mufereji?

Ndipo nikaona. Ile siku mama wa mikate alikuwa amehamisha meza yake, ameisogeza karibu kutoroka jua.

—Alors, akasema, muji haiko ndani ya kichwa yako. Iko ndani ya pua yako. Kesho ukuje kwa labo yangu.

Ni hivi niliingia katika science. Benzenu banaingia na mutihani ya concours.

Kesho yake nikafika. Maman Zaina alikuwa mutoto wa Kisangani wa kabisa, wa zile familia za Kiislamu za zamani, kaka zake bote bafundi wa mbao. Alienda Ulaya kusoma ubongo, akarudi na microscope moja na swali moja. Akafunua kisanduku. Ndani, motomba, ile panya kubwa ya pori, masikio kama majani, mukia murefu nusu nyeupe.

—Unaona nini?

Mi ni mutoto wa mutoni, wa Isangi. Nikajibu kweli:

—Naona mosaka.

Mosaka ni supu ya mbila, matunda ya muchikichi, munaijua, na motomba ndani yake, hakuna kitu inapita. Maman Zaina hakucheka. Yee, Muislamu, hakuli motomba. Akasema tu: «Bon, ile ni observation ya kwanza. Ongeza ingine.» Nikakaa mbele ya kisanduku asubuhi yote. Nikaona anaosha uso na mikono mbili kama mutu anajitayarisha kwa misa. Nikaona anajaza mashavu na chakula mpaka kichwa inakuwa pana kuliko tumbo, anaenda kuficha, anarudi na uso mwembamba kama hakuna kitu ilifanyika. Saa ya kuondoka nikasema: «Maman, naona mwizi.» Hapo alicheka.

Mushike hii, ni ya mukono: motomba hatushiki mukia. Usijaribu! Ngozi inatoka, unabaki nayo kama soksi. Unaweka mukono moja nyuma ya shingo, ingine chini ya matako, unamusogeza karibu ya kifua, na unamusemesha. Anasikia? Sijui. Lakini mutu anayesema, mikono yake haitetemeki. Na juu yeye ni nyama ya giza, tulifunga madirisha na bâche nyeusi asubuhi, taa moja tu, ampoule nyekundu, ili yeye awaze ni usiku. Mimi pia nilikuwa nawaza ni usiku. Nililala mara nyingi.

Swali ya Maman Zaina ilikuwa hii, na ni ndogo tu: wakati motomba anarudi pahali alificha chakula, anafuata pua ao anakumbuka? Kaka yake mukubwa alitujengea nyumba ya mbao bila paa, njia nyingi ndani, zingine zinafunga, moja inafika pembeni ambako tunaweka mbila. Maman alikuwa na motomba kadhaa, lakini mumoja alikuwa anatembea ndani ya ile nyumba kama mwenyeji. Pa kushoto, pa kuume, hasimami, hasalimii mutu. Nikamuita Toleka. Maman alisema mutu wa science hapaswi kupatia nyama jina. Kisha wiki moja, yeye mwenyewe: «Toleka amekula?»

Siku ingine alinipatia nitazame microscope. Alikuwa amekata ubongo ya motomba mumoja alikufa, kipande nyembamba kuliko ganda ya kitunguu, akaitia rangi. Akaniambia: «Tafuta kitu yenye kujikunja. Banasema pale ndipo njia zinakaa, kwa nyama na kwa mutu.» Nikatafuta, nikatafuta. Nikaiona. Ilikuwa imejikunja kabisa kama mbinzo, ile viwavi tunakaanga.

—Maman, nimeiona. Lakini ni chakula tena.

—Dieudo, akasema, wewe siku utakufa, banafunzi batafungua kichwa yako, batakuta restaurant.

Mi nilicheka, lakini ile siku sikulala. Nilikuwa nawaza avenue zote za Kisangani, njia ya soko, njia ya bac ya kuvuka mto, mufereji ya mikate, zote zimekunjwa ndani ya ka-mbinzo nyuma ya sikio yangu. Mpaka leo nikipita pale nasimamisha kinga kidogo. Batu banafikiri nimechoka.

Sasa nyinyi muko na caméra inafuata panya yenyewe, inachora njia yake na rangi. Mutoto mumoja alinionyesha. Nikamuuliza: «Na hii caméra inanusa?» Akanitazama kama nimezeeka. Nimezeeka, kweli. Lakini sikiliza kwanza.

Ulikuwa mwaka wangu wa kumaliza graduat, ile diplôme ya kwanza ya université. Kila mwanafunzi anaandika kazi yake, anaisimamia mbele ya jury ya baprof. Ile siku tunaiita soutenance. Papa yangu, mwenye pirogue ya samaki kule Isangi, alikuwa amesema neno moja tu: «Dieudo, mwaka huu unamaliza. Kama haumalizi, unarudi kushika kasia.» Na papa akisema, ni kama mto, haurudi juu. Si kwamba nachukia pirogue. Lakini ndani ya pirogue hakuna mutu anakuuliza ukifunga macho itakuwa namna gani.

Maman Zaina akanipa maneno yake: «Osha mbao za ile nyumba, utoe harufu ya miguu, ya mukojo, ya mbila, yote. Kisha tia Toleka, uangalie kama anafika.» Ni hiyo tu. Kuosha, nani hajui kuosha? Mama yangu, huko Isangi, ni mutengenezaji wa sabuni, kila mwezi anatuma kipande kubwa ya rangi ya kahawia. Nikasugua ile nyumba mpaka mikono inavimba. Sisi kwetu, kitu haijakuwa safi kama haijanuka sabuni ya mama. Ikakauka. Nikamutia Toleka.

Ee bana! Toleka akapotea. Alisimama kwa mulango. Akalamba ukuta. Akaenda kushoto, akalamba, akarudi, akauma mbao, akaingia katika njia ya kufunga, akakaa mule kama mugeni ndani ya gare. Nikaosha tena, kwa nguvu zaidi. Akapotea zaidi! Bengine pia vilevile. Mi nikafurahi, furaha kubwa! Nilikuwa nimepata jibu: ukitoa harufu, motomba hajui kitu, ni pua tu, ubongo ni ya mapambo. Nikaandika yote, na maneno mareeefu ya Kifaransa. Mwenye kupiga machine ya kuandika kwa soko aliniuliza kama mi ni docteur. Sikukatala. Nikatuma neno Isangi na mwenye baleinière, ile mashua kubwa ya mutoni: soutenance ni Ijumaa, papa akuje.

Jumatatu, Maman Zaina akaingia na karatasi zangu. Alikuwa anasoma akitembea. Akasimama karibu ya nyumba ya mbao. Akasoma tena. Halafu akafanya kitu sijawahi kuona prof anafanya: akapiga magoti, akatia kichwa yake, na kitambaa na yote, ndani ya njia ya motomba. Akavuta pumzi.

—Dieudo. Hapa kunanuka nini?

—Usafi, Maman.

—Kuja unuse.

Nikapiga magoti. Tulikuwa wawili sasa, matako juu, vichwa ndani. Nikavuta.

Mosaka.

Kila ukuta. Kila kona. Sabuni ya mama inatengenezwa na nini? Na mawese! Na mawese inatoka wapi? Ndani ya mbila! Sikutoa harufu ya chakula, niliipakaa muji muzima. Toleka hakusahau njia. Ni mimi nilifanya kila njia iseme «chakula iko hapa». Ni meza ya mikate tena, bana yangu. Ile ile. Tofauti, safari hii ni mimi nilikuwa nimehamisha meza.

Maman Zaina alicheka mpaka akashika mulango. Kisha akakaa, na hakucheka tena.

—Sikia. Jury haitanusa karatasi. Maandishi yako ni muzuri. Ijumaa unaweza kwenda, mimi nitasema mbele yao siamini mwisho wake, lakini banaweza kukupitisha tu. Unamaliza. Ao unabaki, tunaanza tena, na Ijumaa inapita. Mi sichagui kwa nafasi yako.

—Na papa?

—Papa ni wako.

Nikabaki peke yangu na ampoule nyekundu. Musiseme kesho kwamba Papa Dieudo alikuwa mutu wa haki. Haki ilikuwa inalala. Nilikuwa nahesabu namna nitavaa shati nyeupe. Nilikuwa nawaza kasia. Lakini Toleka alikuwa anaosha uso wake ndani ya kisanduku, na nikawaza: yule anajua. Ndani ya ile kichwa, jibu iko sasa hivi, imekaa, na mimi niko huku nje na karatasi yenye kudanganya. Ikaniwasha. Kuwashwa kama upele, bana yangu, nasema kweli. Nikaenda kugonga kwa Maman:

—Tunaosha na nini?

Maji peke yake haitoi mafuta. Alcool ndiyo inatoa na yenyewe inapotea, lakini alcool ya labo ilikuwa imekwisha. Maman Zaina akatazama dirisha. Akatazama viatu vyake. Akasema sauti ya chini:

—Dieudo. Ile kitu bamama banapika na mahindi...

—Lotoko, Maman?

—Sijasema jina.

Nikaenda kutafuta lotoko kwa jina la science. Mwenye kuuzisha akauliza ni ya nani, nikasema ni ya panya ya prof. Weee! Kabla nifike na bidon, quartier yote ilikuwa inajua: kwa Maman Zaina, panya zinalewa. Kaka yake fundi akakuja mbio, akasimama kwa mulango, pua juu: «Zaina! Nyumba ya mikono yangu, munaiosha na pombe?» Naye, miwani machoni: «Hainywi, kaka. Inaoga.»

Tukasugua, tukaweka mbao kwa jua, tukasugua tena. Siku zote hizo tulikuwa tunanusa, yeye, mimi, hata kaka, magoti chini. Mpaka hakuna kitu. Mbao tu.

Alhamisi, wakati tunarudisha kuta ndani, papa akafika. Ametoka kwa pirogue moja kwa moja, shati yake nyeupe ya siku kubwa, sanduku ya samaki ya kukausha juu ya bega, ya kulisha jury. Akanusa lotoko. Akanitazama.

—Munaanza sherehe bila mimi?

Nikamuambia. Yote. Sabuni, mosaka, kesho hakuna soutenance. Nilisema nikitazama miguu yake. Papa akatua sanduku polepole, akakaa juu yake. 

—Kwa hiyo nilipanda mto kwa kitu gani?

Maman Zaina akamusalimia, akamuletea maji, akasema: «Papa, ngojea kidogo. Na sisi hatujui bado itakuwa nini.» Akafunga mulango. Ampoule nyekundu. Na nisikilizeni hapa: ile siku hatukutia mbila. Hakuna mahali. Kama pua ndiyo inaongoza, hakuna kitu ya kunusa, basi atazunguka tu. Kama kuna kitu ndani ya kichwa, basi itaonekana.

Nikamushika Toleka, mukono nyuma ya shingo, mukono chini. Nikamusemesha: «Wee, usiniaibishe mbele ya papa.» Nikamutia.

Akasimama. Akapandisha pua. Mi nilikuwa sipumui. Akaenda kushoto. Kuume. Akapita njia ya kufunga bila kuitazama, akakunja kona, akafika kule pembeni. Pembe yake. Akachimba. Hakuna. Akazunguka, akachimba tena palepale. Halafu akakaa juu ya matako, mikono mbili kifuani, akangojea.

Maman Zaina alikuwa amenishika mukono, anaumiza. 

Papa ndiye alisema, sauti ya chini kama kanisani:

—Kwa nini hatoki? Hakuna kitu pale.

—Anakumbuka, papa. Zamani ilikuwa pale.

Papa akainama mpaka pua yake inagusa mbao. Nyama ile amekula maisha yake yote. Wakatazamana.

—Mupatie, akasema. Ametoka mbali bure. Mupatie kitu.

Nikaweka mbila. Toleka akaitia katika shavu, akaenda zake.

—Alors, papa akamuuliza Maman Zaina, kesho mutoto anaweza kusema hii kwa jury?

—Hapana, papa. Nyama moja, siku moja, hii si kazi, ni habari. Inafaa bengine pia. Inafaa siku nyingi.

—Na huyu, kesho atakumbuka tena?

Maman akanitazama. Mimi nikamutazama Maman.

—Hatujui, papa, nikasema.

—Kisha mwezi?

—Hatujui.

Papa akasimama, akafunga samaki yake vizuri, akaifungua tena, akampatia Maman Zaina mbili kubwa. Mi nilikuwa nangojea neno ya kasia. Akafika kwa mulango, akageuka.

—Hamujui kitu, nyinyi wawili, akasema. Namna gani utarudi Isangi na hamujui kitu?

Na akatoka.

Graduat, sikumaliza. Hata mwaka ule ingine, statistique ilinipiga, tena ikanipiga, mpaka labo ikanichukua kuwa technicien na tukaachana na statistique kwa amani. Sasa serikali imegeuza système, graduat yenyewe haiko tena. Kwa hiyo mimi ni nusu ya kitu yenye haiko. Musicheke sana. Katika labo ile nilikaa mpaka macho ikakatala ampoule nyekundu.

Lakini nimalize ile kesho yake. Ijumaa, saa ya soutenance, nikakuja kwa labo mapema. Kwa mulango nikamukuta papa, shati nyeupe, amekaa juu ya sanduku yake. Pirogue yake ilikuwa imerudi Isangi na bengine, bila yeye.

—Umechelewa, akasema. Fungua.

Nikataka kumusalimia. Akarudisha mikono yake nyuma mbio.

—Usiniguse! Nimekwisha kunawa.

—Na sabuni, papa?

Akaniangalia kama mimi ndiye sijasoma. Kisha akanyoosha mikono yote mbili mbele ya pua yangu, ninuse.

Lotoko.